Amri ya mizigo ya 2019: SGR, malori na bandari ya Mombasa

Watu wakitaja ushindani kwenye reli huwa wanawaza kampuni mbili za treni zinazogombania abiria kwenye njia moja, kama kule Italia. Kwetu hapa hakuna hio. Kutoka Mombasa kwenda Nairobi njia ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ni moja, mwenye njia ni mmoja, Kenya Railways, na aliekabidhiwa kuendesha treni mwanzoni alikuwa mmoja, Afristar, kampuni iliyotoka kwa wale wale Wachina wa CRBC waliojenga. Mshindani wa treni ya mizigo hapa kwetu ni lori, basi. Na Agosti 2019 serikali ikaamua huyu mshindani atolewe barabarani kwa tangazo. Nataka tukipitie hiki kisa pole pole manake wengi wanakikumbuka kama vita vya siasa za Pwani tu, na siasa ilikuwepo kweli, lakini ndani yake kuna swali ambalo litaturudia kila tutakapojenga reli nyingine: je, reli ikishindwa kuvuta mzigo kwa bei na huduma, ni halali kuivutia kwa nguvu?

Tuanze na reli yenyewe. Ilizinduliwa 31 Mei 2017, kilomita 472 hivi toka Mombasa hadi Nairobi, gharama kama shilingi bilioni 327, na sehemu kubwa ya pesa hio ni mikopo ya Exim Bank ya China iliyosainiwa 2014. Abiria walianza siku iliyofuata, treni za mizigo zikaanza rasmi Januari 2018. Treni moja ya kontena ina mabehewa kama 54, yaani kontena 108 za futi 20 kwa mpigo mmoja. Ukizipanga barabarani hizo ni trela zaidi ya hamsini. Kwa hivo uwezo upo na hakuna mtu mwenye akili atakwambia treni haifai kubeba mzigo mzito safari ndefu.

Lakini uchumi wa reli ni tofauti na uchumi wa lori na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mwenye lori akikosa mzigo wiki hii anapaki, mafuta hayaungui, taniboi anakaa nyumbani, hasara anaihisi ila ni hasara ya gari moja. Reli ni kama umekodi ukumbi wa harusi, waje watu 50 au waje 500 bei ya ukumbi ni ile ile. Deni la njia, madaraja, stesheni, mawasiliano, walinzi wa njia, vyote vinalipwa hata kama treni ziko mbili kwa siku. Sasa kontena moja la ziada juu ya treni ambayo tayari inaondoka linagharimu kidogo sana, ila kontena likikosekana ile gharama kubwa inabaki pale pale inagawiwa kwa kontena chache zilizobaki. Ndo maana reli yoyote duniani ina njaa ya mzigo. Na ndo maana wataalamu wanaiita ukiritimba wa asili, manake kujenga njia ya pili kando ya ya kwanza ili zishindane ni kutupa pesa.

Serikali ilijua hili mapema. Mwaka 2014, kabla hata tuta la reli halijapangwa vizuri, Mamlaka ya Bandari (KPA) na Kenya Railways zilisaini makubaliano ya aina ya lete mzigo au lipa. Bandari iliahidi kupeleka kiwango fulani cha mzigo kwenye reli kila mwaka, na kikipungua bandari ilipe tofauti. Mkopeshaji alitaka kuona pesa za kulipa mkopo zitatoka wapi na hio ndio iliyokuwa dhamana ya mapato. Someni hapo tena polepole. Bandari haina mzigo. Mzigo ni wa mfanyabiashara wa Gikomba, wa kiwanda cha Athi River, wa muuza spea wa Kirinyaga Road, wa muagizaji wa Kampala. Bandari ni mlango tu. Iliahidi kitu ambacho si chake, na siku ya kutimiza ahadi ikifika ilikuwa na njia mbili peke yake, ilipe kutoka mfukoni au imlazimishe mwenye mzigo.

Mwanzoni walijaribu njia ya haki, bei. Kwenye promosheni ya 2018 kontena la futi 20 lilisafirishwa Mombasa hadi Nairobi kwa kama shilingi 25,000 na la futi 40 kama 35,000. Hio ilikuwa bei ya chini sana na wenye malori nao wakabidi wapunguze, na kwa muda mfupi muagizaji wa kawaida alifaidi kweli kweli, hicho ndo kipindi ambacho ushindani ulifanya kazi yake. Shida ni kwamba bei ile haikuwa inarudisha gharama. Ilipofika 2019 bei ya reli ikapandishwa hadi kama 50,000 kwa kontena la futi 20. Na deni la 2014 lilikuwa na miaka ya neema, yaani ya kutoanza kulipa deni lenyewe, ambayo kwa mkopo mmojawapo, ule wa kibiashara, ilikuwa inaishia 2019 hio hio. Kwa hivo hapo hapo ambapo reli ilihitaji mzigo zaidi, bei yake ikawa haivutii tena.

Sasa kuna kitu lazima kielezwe kwa ukaribu manake bila hicho mtu wa nje hataelewa kwa nini mfanyabiashara aliendelea kutaka lori hata pale ambapo bei kwenye karatasi zilikuwa zinakaribiana.

Chukua kontena moja la futi 40 la vigae, la mtu mwenye godauni Industrial Area. Kwa njia ya lori, meli ikifunga gati kontena linashushwa, wakala wa kliaring Mombasa anamaliza mambo ya forodha na malipo ya bandari, trela linaingia, linapakiwa, linatoka, linapita mizani ya Mariakani, linapita Voi, Mtito Andei, Emali, Mlolongo, halafu linaingia mpaka mlangoni pa godauni. Limeguswa na krini mara chache sana. Mwenye mzigo ana namba moja ya simu ya kupiga, ya dereva au ya mwenye gari, na akiuliza "umefika wapi" anajibiwa. Akishusha, trela lile lile linarudisha kontena tupu Mombasa kwa kampuni ya meli. Kama yule mwenye gari ni msumbufu au bei yake imezidi, safari ijayo anatafuta mwingine, na wako wengi.

Kwa njia ya reli kontena lile lile linashushwa melini linapelekwa yadi ya reli, linangoja zamu, linapandishwa behewani. Safari yenyewe ya treni ni masaa tu, hapo reli inashinda bila ubishi. Linafika ICD, yaani bandari kavu, ya Embakasi Nairobi, linashushwa, linapangwa juu ya wenzake. Kama la kwako liko chini ya mengine matatu basi mpaka yatolewe. Karatasi zinafanyiwa Embakasi. Halafu bado unahitaji lori, manake reli haifiki godauni kwako. Unakodi lori la mjini, linapanga foleni getini, linapakia, linatembea kilomita chache na bei ya hizo kilomita chache ni kubwa kuliko unavyodhani, manake mwenye lori anakulipisha siku aliyopoteza kwenye foleni, si umbali. Halafu kontena tupu lirudi, na kampuni ya meli inahesabu siku, ukichelewa kuna faini ya kila siku na hela za ghala la ICD ziko pembeni zinahesabu pia. ICD ilipanuliwa kutoka uwezo wa kontena 180,000 kwa mwaka hadi 450,000, lakini uwezo wa kuweka kontena na uwezo wa kulitoa nje kwa haraka ni mambo mawili tofauti, na msongamano wa Embakasi wa 2018 na 2019 kila mtu wa biashara ya kuagiza anaukumbuka.

Kwa hivo ukilinganisha bei ya treni na bei ya trela peke yake unajidanganya. Linganisha kutoka meli mpaka godauni, na uhesabu siku.

Basi mapema Agosti 2019 likatoka tangazo la pamoja la KPA na KRA, mamlaka ya mapato. Mizigo yote inayoingia inayokwenda Nairobi na bara isafirishwe kwa SGR na ifanyiwe kliaring ICD Nairobi. Kulikuwa na maagizo ya namna hio hata 2018, lakini hili ndilo lililouma. Halikutoa nafasi ya kuchagua. Mfanyabiashara alieona lori ni nafuu kwake au ni salama kwake akaambiwa hapana.

Mombasa ililipuka. Yalianza maandamano ya kila Jumatatu, ndo ile Black Monday, na sio wenye malori peke yao waliotoka. Hapa watu wa bara wengi walidhani ni matajiri wa trela wanalinda faida zao. Wenye trela walikuwepo ndio, lakini ukihesabu nani anakula kutokana na kontena moja linalopita barabarani utakuta orodha ndefu: dereva, taniboi, karani wa kliaring, vibarua wa kushusha, walinzi na waendesha krini wa zile yadi za CFS, yadi za kuwekea kontena nje ya bandari, zilizozunguka Changamwe na Miritini, fundi wa breki, mtu wa pancha, mama wa chapati na maharage, mwenye lojing'i, muuza betri na taa. Mariakani, Voi na Mtito Andei ni miji iliyonenepa kwa sababu lori linasimama pale usiku. Treni haisimami Mtito kununua chai. Na zaidi ya hapo kulikuwa na ile hisia kwamba bandari ni ya Mombasa na kazi yake yote inabebwa ikapelekwa Embakasi, hata kliaring ambayo vijana wengi wa Mombasa ndio ujuzi wao.

Mwanzoni mwa Oktoba 2019 waziri wa uchukuzi wa wakati huo, James Macharia, akatangaza kusimamisha ile amri. Lakini kusimamisha tangazo na kuacha tabia si kitu kimoja, presha ya kupeleka mzigo kwenye reli iliendelea kwa njia nyingine nyingine. Mei 2020 wakati wa korona, foleni za madereva Malaba zilipokuwa zimefika kilomita nyingi na madereva wakiogopwa kama ndio wanaosambaza ugonjwa, serikali ikatangaza mzigo wa kupita kwenda nchi jirani upelekwe kwa SGR hadi Naivasha, ambako njia ilikuwa imeshafikishwa, kuanzia Juni. Sababu ya afya ilikuwa na uzito wake. Ila wafanyabiashara wa Uganda walilalamika sana, manake Naivasha wakati huo haikuwa na huduma za kutosha, na mtu wa Kampala ana kitu ambacho mtu wa Nairobi hana. Ana Dar es Salaam. Ukimbana sana Mombasa anaweza kupitishia mzigo njia ya kati kupitia Tanzania, na wa Rwanda wengi walishahamia huko zamani. Kwa hivo hata amri ya serikali ina mipaka, inaishia pale ambapo bandari ya jirani inaanza.

Kesi nayo ilikuwa mahakamani muda wote huo. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba yale maagizo ya kulazimisha mizigo pamoja na ule mkataba wa bandari na reli havikufuata Katiba, jambo kubwa likiwa ni kwamba wananchi walioguswa hawakushirikishwa. Na kabla ya hapo, Juni 2020, Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba jinsi mkandarasi wa SGR alivyopatikana kulikuwa kinyume cha sheria ya manunuzi, ingawa Mahakama ya Juu ilikuja kuitengua hukumu hio ya Juni mwaka 2023. Mimi naona hukumu ya Novemba iligusa mahali sahihi. Mkataba ulisainiwa na mashirika mawili ya serikali lakini mwenye kuulipa ni mtu wa tatu ambae hakuwa chumbani, na vipengele vya mikataba ya mkopo wenyewe wananchi walianza kuonyeshwa Novemba 2022 tu, miaka minane baada ya kusainiwa, pale Kipchumba Murkomen alipokuwa waziri.

Sasa tuwape serikali haki yao, manake hoja yao haikuwa ya kipuuzi.

Hoja ya kwanza ni barabara. Lori zito linaharibu barabara kwa kiwango ambacho gari dogo haliwezi kukaribia. Wahandisi wana kanuni yao, uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili uharibifu unaongezeka kama mara 16. Sheria ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, ndo maana kuna mizani Mariakani na Athi River, lakini hata lori lililo ndani ya sheria linakula lami. Lori linalipa tozo ya barabara kwenye kila lita ya dizeli, shilingi 18 kwa miaka mingi na 25 tangu 2024, ila tozo hio inalipwa kwa lita, na mtu wa Probox analipa kiwango kile kile kwa lita. Kwa hivo ukiangalia vizuri, lori nalo linabebwa na serikali kimya kimya. Reli inatakiwa ilipe njia yake yenyewe na deni lake, lori linatumia njia ya watu wote. Ushindani wa hivo hauko sawa, na mtu anaesema "acheni soko liamue" lazima aanze na hili, la sivyo anaruka hesabu. Ajali za usiku za Mombasa Road, moshi, vyote hivyo havipo kwenye risiti ya mwenye trela.

Hoja ya pili ni deni. Pesa zilishakopwa, njia ishajengwa, kuiacha tupu ni hasara mara mbili. Na kweli kwa miaka mitatu ya kwanza hadi Mei 2020, kwa takwimu za wizara zilizofika bungeni, uendeshaji wa SGR uligharimu kama shilingi bilioni 46.7 wakati mapato yalikuwa bilioni 25. Hapo deni lenyewe halijaguswa, ni kuendesha tu. Wabunge wa kamati ya uchukuzi Septemba hio wakapendekeza gharama za uendeshaji zikatwe nusu.

Hizi hoja mbili nazikubali zote. Lakini hakuna hata moja inayofika kwenye ile amri. Kama lori halilipi uharibifu wake, dawa ni kulilipisha, kwa ekseli na kwa kilomita, halafu kila mtu apige hesabu upya na wengine watahamia treni wenyewe. Kama gharama za uendeshaji ni kubwa mno, basi ukiileta mizigo kwa nguvu unampa nafuu mwendeshaji aendelee na gharama zake. Angalia kile ambacho lori lilikuwa linafanya kabla ya Agosti 2019: lilikuwa ndilo kipimo pekee cha reli. Hakuna kampuni nyingine ya treni, hakuna mamlaka huru yenye meno inayokagua bei ya SGR, muagizaji hawezi kugomea njia akachagua njia nyingine ya reli. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaiambia Kenya Railways kwamba Embakasi inakwamisha na bei imezidi, nacho ni kontena kuonekana linapanda trela. Amri ilizima hio taarifa. Foleni ya ICD ikabaki shida ya mwenye mzigo peke yake manake kontena lake linakuja tu hata akilia.

Ushahidi mzuri kabisa uko kwenye treni ya abiria na sijui kwa nini watu hawautumii. Hakuna mtu alielazimishwa kupanda Madaraka Express. Mabasi yapo, mengi, yanaondoka mchana na usiku, yanakushusha katikati ya mji, na bei yake wakati mwingine iko chini. Treni imefunguliwa kwa nauli ya promosheni ya 700, ikawa 1,000, na Januari 2024 ikapanda hadi 1,500, daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Na bado wikendi na Disemba ukitaka tiketi unaikosa. Mwaka 2018 na 2019 ilibeba zaidi ya watu milioni moja na nusu kila mwaka. Kwa nini? Kwa sababu masaa matano ni masaa matano, basi ni nane au kumi, na kwa sababu walifikiria kilomita za mwisho, ukishuka Syokimau kuna treni ya mjini inakupeleka hadi stesheni ya katikati kwa hela kidogo. Miritini upande wa Mombasa walilala, watu waliteseka na matatu miaka mingi, lakini hata hivo abiria waliona faida yao wakaifuata wenyewe. Kontena halina tofauti na abiria kwenye hili. Mwenye kontena pia anataka kujua atafika lini na atashukia wapi.

Na ukitaka kujua kama reli ingekufa bila amri angalia takwimu. SGR ilibeba kama tani milioni 2.9 mwaka 2018, milioni 4.2 mwaka 2019, 4.4 mwaka 2020, 5.4 mwaka 2021, na 6.1 mwaka 2022. Septemba 2022 Rais William Ruto siku ya kuapishwa akatangaza kliaring irudi bandari ya Mombasa, na watu wengi, hata wengine wa upande wa reli, walitabiri treni zitabaki tupu. Mwaka 2023 SGR ilibeba kama tani milioni 6.5. Iliongezeka. Sisemi kurudisha uhuru ndio kulikoleta mzigo, manake mafuta yalipanda sana kipindi hicho na dizeli ikipanda lori linaumia zaidi ya treni kwa kila tani, na reli ya zamani ilishaunganishwa na SGR Naivasha kwa hivo mzigo wa Uganda ulipata njia ya chuma mpaka Malaba. Lakini hizo ndizo sababu zinazostahili kuhamisha mzigo. Gharama zimebadilika, huduma imeongezeka, mwenye mzigo akaamua. Ile hofu ya kwamba bila kulazimisha hakuna atakaekuja haikutimia.

Pia tusijidanganye kwa upande wa pili. Bandari ya Mombasa 2023 ilipitisha karibu tani milioni 36, kwa hivo reli bado iko chini ya moja ya tano, hata ukikumbuka kwamba mafuta yana bomba lake na kuna mzigo ambao hauhusiani na Nairobi kabisa. Barabara bado ndio mfalme.

Kuna wanaosema dawa ni kuleta kampuni nyingine za treni juu ya njia ile ile, kila mtu alete vichwa na mabehewa yake alipie njia. Sheria ya reli ya Tanzania ya 2017 imefungua mlango huo na ni jambo la kufuatilia kwa makini. Kwa SGR yetu mimi nina wasiwasi, na wasiwasi wangu ni wa kiufundi. Njia ya Mombasa hadi Nairobi ni ya laini moja, treni zinapishana stesheni. Kila treni mpya inachukua nafasi ya nyingine kwenye ratiba, na treni ya abiria ina haki ya kwanza. Anaegawa hizo nafasi akiwa ni yule yule anaeendesha treni zake mwenyewe, mgeni atapewa saa tisa usiku. Bila mtu huru wa kugawa nafasi na kupanga bei ya njia, hio milango wazi ni ya jina tu. Tulishaona aina nyingine ya ushindani pia, ule wa zabuni. Mwaka 2006 reli ya zamani ya Kenya na Uganda ilikabidhiwa Rift Valley Railways kwa miaka 25, na ushindani ulikuwepo ile siku ya zabuni tu, baada ya hapo ilikuwa peke yake kwenye njia, wenye hisa wakabadilika, vichwa vikachoka, na 2017 Kenya ikauvunja mkataba. Serikali ilikuwa na mkataba mkononi na haikuwa na namna ya kuifanya kampuni ikimbize mzigo.

Kwa hivo kinachobaki ni ushindani wa lori na treni, huo huo usiopendeza, na kazi ni kuufanya uwe wa haki. Upande wa lori, lipa unachoharibu. Upande wa reli, mambo yako wazi na mengi hayahitaji mkopo mwingine: bei moja ya mlango hadi mlango, ambapo Kenya Railways au wakala wake anakupa namba moja, kutoka gati hadi godauni kwako, na akichelewesha analipa yeye ile faini ya kampuni ya meli. Miadi ya kuingia ICD ili lori la mjini lisikae getini siku nzima. Reli fupi za kuingia kwenye viwanda vikubwa vya Athi River na Mlolongo, manake kiwanda kinachopokea treni mlangoni hakihitaji kushawishiwa. Na mzigo wa kurudi, chai, parachichi, maua ya kupitia baharini, manake treni inayoshuka Mombasa na kontena tupu inambebesha muagizaji gharama ya safari mbili.

Na kuna jambo la Railway Development Levy. Tangu 2013 kila anaeagiza mali analipa tozo ya reli kwenye forodha, ilianza kwa asilimia 1.5 ya thamani. Analipa hata kama mzigo wake utapanda trela. Yaani yule mfanyabiashara alieambiwa 2019 kwamba hana uzalendo kwa sababu anataka lori, alikuwa ameshalipia reli kabla kontena halijatoka bandarini. Na mlaji wa mwisho alienunua ile bidhaa dukani amelipia pia.

Sasa mipango ya kuifikisha SGR Kisumu na Malaba inasukumwa tena, na tozo hio hio ndio inayotajwa kama chanzo cha pesa. Mimi naitaka hio reli ifike, tena sana, kuishia Naivasha kulifanya njia nzima iwe nusu kazi. Lakini mkataba ukitoka, wabunge na watu wa biashara waufungue moja kwa moja pale penye mapato na watafute kama kuna shirika lolote lililoahidi mzigo wa watu wengine kama KPA ilivyoahidi 2014, ahadi hio ni ya tani ngapi, na zikipungua nani analipa. Waulize hayo kabla ya kalamu kushikwa, na mtu wa Mariakani, wa Malaba na wa Kampala wawepo wakati yanaulizwa.